Malalamiko: Mashine Moja ya Kuchaji Haitoshi Mtito Andei

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: MASHINE YA KUCHAJI MAGARI YA UMEME KATIKA KITUO CHENU CHA MTITO ANDEI

Mimi ni dereva wa teksi ya umeme jijini Nairobi. Mashine yenu imenikwamisha tena, safari hii nikiwa na mzee aliyetoka hospitalini akirudi kwake Voi.

Kabla ya kuondoka Nairobi niliangalia programu yenu, ikaonyesha mashine ni nzima. Tulipofika jioni, skrini ilikuwa inawaka vizuri, lakini kila nikichomeka kebo inaanza kuchaji kidogo, inalia, halafu inakata. Nambari ya simu iliyobandikwa ubavuni haikupokelewa. Wahudumu wa pampu waliniambia kwa upole kwamba hawajafundishwa chochote kuhusu mashine hiyo, na siwalaumu. Ikabidi tulale gesti, gari likichajiwa usiku kucha kwa soketi ya ukutani, na mgonjwa wa watu akalala njiani.

Mwenye gari la petroli akikuta pampu mbovu huvuka hadi kituo cha jirani. Sisi hatuna pa kwenda. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na Mtito Andei ni katikati yake. Gari kama langu likifika hapo lazima lichajiwe. Hata mashine ikiwa nzima, moja haitoshi. Kuchaji haraka kutoka asilimia 20 hadi 80 huchukua nusu saa, pengine hata saa nzima, kwa hiyo ukikuta magari mawili mbele yako safari imeharibika. Plagi nazo hazifanani: Nissan Leaf zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika huchaji kwa plagi ya CHAdeMO, magari mengi mapya ni CCS2, na baadhi ya yale ya Kichina ni GB/T. Ninyi mmeweka kebo ya aina moja tu.

Msiniambie umeme ni ghali. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi nchini, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, shilingi 16 kwa yuniti kabla ya kodi, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo.

Naomba mashine itengenezwe, na ziongezwe nyingine mbili zenye kebo za aina zote. Mhudumu wa kila zamu afundishwe kuizima na kuiwasha upya, na simu ipokelewe hata usiku. Mashine ikiharibika, programu iseme hivyo mtu akiwa bado Nairobi, si akishafika Mtito.

Pia nirudishiwe pesa nilizolipa kwa M-Pesa kabla mashine haijakata, pamoja na gharama ya gesti. Risiti zote nimeambatisha. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wako mwaminifu,
Dereva na mteja wenu, Nairobi

Nakala: Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA)