Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayefundisha wavulana Mafinga

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Iringa mjini. Uliniuliza uwaambie nini wavulana wako, ambao kila wakisikia habari za jinsia hudhani zinawahusu dada zao tu, au kwamba wao wameitwa kushtakiwa. Ninakujibu hadharani kwa sababu wazazi wengi wa nyanda hizi wana swali hilohilo.

Waambie kwanza kwamba wanaume nao wana shida zinazotokana na jinsi tunavyolelewa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 kwetu Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Hata hivyo, mwaka 2018 Serikali ililazimika kuanzisha kampeni ya Furaha Yangu iliyowalenga hasa wanaume, kwa kuwa walikuwa nyuma ya wanawake katika kupima. Mwanamke hupimwa anapohudhuria kliniki ya ujauzito. Mwanaume hana mlango kama huo, hivyo wengi huyafanya majibu ya mke kuwa yao, au husubiri mpaka waanguke kitandani. Hata sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3, kana kwamba baba ni mgeni aliyepita kutoa pongezi.

Baada ya hapo, zungumza nao kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa maana ndiye picha ya mwanaume waliyokua nayo. Aliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, na Julai 1898 akajipiga risasi ili asikamatwe. Katika habari hiyo tumezoea kuchukua ushindi na risasi, tukavifanya kipimo cha uanaume, na kuiruka karibu miaka minne iliyo katikati, ambayo kwangu ndiyo yenye somo kubwa zaidi. Miaka hiyo Mkwawa aliendelea kupigana kwa sababu watu walimlisha, walimficha na kumpasha habari, ingawa Wajerumani walikuwa wameahidi fedha kwa atakayemtoa. Sijapata kumsikia mzee yeyote wa Kihehe akimpunguzia heshima kwa kuwa alisaidiwa. Ukipata nafasi, wapeleke kwenye makumbusho ya Kalenga, uwape kazi ya kuandika juu ya wale waliompelekea chakula.

Risasi ile uieleze kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa ya mtawala aliyezingirwa vitani, na haimhusu kijana aliyelemewa na deni au aliyeachwa na mchumba. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba kiwango cha wanaume wanaojiua duniani ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake, na wengi wao wamekua wakiambiwa wajikaze. Kwetu Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, inahesabu hata kujaribu kujiua kuwa kosa, jambo ambalo naamini linamwongezea aliyenusurika sababu ya kunyamaza badala ya kutafuta tabibu.

Wako watakaokuambia kwamba chanzo cha haya yote ni wanawake kupewa haki. Usiwakubalie. Binti kusoma hakujamzuia mwanaume yeyote kwenda kupima wala kumbeba mwanawe.

Zaidi ya maneno, waonyeshe wanaume walio hai: muuguzi wa kiume anayeipenda kazi yake, mpasua mbao anayempeleka mtoto kliniki mwenyewe bila kujali vicheko vya wenzake, baba anayechukua dawa zake kila mwezi bila kujificha na ambaye yuko radhi kulisema hilo mbele yao. Waombe waje wenyewe, na uwaache wavulana waulize wanachotaka, hata kama maswali yatakuwa ya kutia haya.

Mimi pia nitakuja Ijumaa yoyote utakayoipanga. Naomba tu tukae nao bila mwalimu mwenye fimbo mlangoni, na unijulishe mapema ili nipange safari.

Mjomba wako,
Iringa