Barua ya wazi kwa wazazi mnaosomesha watoto piano

Wanangu, baba na mama wa watoto wa Jumamosi hapa Dar es Salaam,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa nisikilizeni, maana nina jambo limenikaa rohoni tangu onesho la watoto la kufunga mwaka.

Mliokuwepo mliona. Yule mvulana alianza vizuri, akafika katikati, vidole vikagoma. Akarudi mwanzo. Alipofika palepale vikagoma tena. Mwishowe akainuka kichwa chini, watu wakampigia makofi ya huruma. Baba yake, akiwa safu ya mbele yangu, akamwambia kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Tukirudi nyumbani utapiga masaa mawili, hunyanyuki!"

Mtoto kukwama si hoja, hata wapigaji wakubwa hukwama. Kilichonichoma ni ile hukumu, na nyumba nyingi zinaitoa. Umevunja glasi, kapige piano. Umemjibu mama vibaya, kapige piano. Umefeli hesabu, lete simu hapa, nenda kwenye kinanda. Kisha Jumamosi mnanijia: "Mwalimu, huyu hapendi kabisa mazoezi." Atayapendaje?

Ugonjwa huu tunao siku nyingi. Shuleni aliyechelewa namba alipewa jembe akalime, au fyekeo akafyeke uwanja. Vizazi na vizazi tumewafundisha watoto kwamba jembe ni la mkosaji, leo tunakaa kwenye semina, chupa za maji mezani, tukishangaa vijana wamekimbia kilimo. Vitabu navyo ni hivyohivyo: kubaki darasani kusoma ni adhabu, kwenda kucheza ndiyo zawadi, halafu tunalalamika kwamba watu hawasomi. Jembe na kitabu tumeshaviharibu. Piano niachieni.

Tena hayo masaa mawili yasingemsaidia kitu. Alipokuja darasani nilimuuliza anavyofanya mazoezi nyumbani. "Naanza mwanzo mpaka mwisho." Na ukikosea? "Naanza upya." Ehee! Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza ameipiga mpaka imechakaa, ya mwisho anaijua kwa kuisikia tu. Anayekosea abaki palepale alipokosea. Noti nne zinatosha: mkono wa kushoto peke yake, polepole, halafu wa kulia, halafu yote miwili, ndipo aunganishe na kilichotangulia. Na azoee kuanzia popote. Mama mmoja kati yenu aliandika namba za mistari kwenye vikaratasi akavitia kwenye kikombe. Mtoto anachomoa kimoja, anaanzia hapo, wanacheka. Mtoto wake huyo, yule msichana, siku ya onesho alikosea pia, lakini nani kati yenu aliyejua?

Dakika 15 za namna hiyo kila siku zinaishinda saa nzima ya Ijumaa usiku, ile ya kumwogopa mwalimu wa kesho. Mazoezi ya Ijumaa usiku nayajua kwa sikio kabla mtoto hajamaliza mstari wa kwanza.

Mnaniambia, "Mimi sijui hata noti moja, nitamsaidiaje?" Kuhesabu mpaka tano unajua? Juu ya noti za wanaoanza kuna namba za vidole: 1 ni gumba, 5 ni kidole cha mwisho. Kaa pembeni yake, tazama namba, tazama kidole. Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa Ujerumani, alipomwandikia mwanawe mkubwa daftari la kujifunzia, mwaka 1720, mtoto akiwa na miaka 9, kipande cha kwanza kabisa alikijaza namba hizo juu ya noti. Yeye alikuwa Bach, na bado alikaa na mtoto kwenye mambo ya vidole. Wewe una kazi gani kubwa kuliko yake mpaka umwachie dada wa kazi?

Na tafadhali, hizo hedifoni. Mtoto mdogo anavalishwa hedifoni kila jioni ili baba asikie taarifa ya habari ya saa mbili vizuri. Anachojifunza hapo ni kwamba sauti yake ni kelele. Mpangieni saa kumi na moja, kabla televisheni haijawashwa, apige nyumba nzima isikie, na mpishi jikoni aimbe naye akipenda.

Mengine ni mafupi. Kinanda chenye vibao 61 kinatosha kuanzia, ilimradi sauti ipande na kushuka kwa uzito wa kidole. Kisichofanya hivyo ni mdoli. Kiwe sebuleni, kimefunguliwa, si kabatini. Kiti kiwe cha kimo chake, viwiko vilingane na vibao. Umeme ukikatika, tieni betri, au apige makofi ya mapigo na kuimba do re mi. Mwenye piano halisi asiiweke dirishani panapoingia upepo wa bahari, nyuzi zitashika kutu. Na fundi aitwe kila mwaka, si mpaka ilie kama mbuzi.

Kuhusu mitihani ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, kwa wale wanaofanya ule wa vitendo, acheni kuniuliza nyimbo tatu tu. Nyimbo zote tatu ni alama 90 kati ya 150, na kufaulu ni 100. Mtoto akizipiga bila doa hata moja, bado hajafaulu. Zilizobaki ziko kwenye skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi za noti, kusoma noti papo kwa papo na mazoezi ya sikio, yaani yale mnayomwambia aruke kwa sababu hayapendezi mbele ya wageni.

Baba wa yule mvulana, najua unasoma. Sina ugomvi nawe, mwanangu. Ada unalipa kwa wakati na foleni ya asubuhi unaivumilia. Jumamosi usimshushe getini ukaondoka. Ingia, kuna kiti karibu na dirisha, tutaanzia mstari wa tatu.

Wenu,
Bibi Mwalimu