Kima ana macho, mosi haina

Ndugu Mhariri,

Kila yakizungumzwa mambo ya viumbe walio hatarini kutoweka, hakosekani wa kuuliza: kati ya mosi na kima, kipi kiokolewe kwanza? Mosi ni ule mmea laini wa kijani unaotanda kwenye mawe na magogo yenye unyevu. Wengi wetu tunaukumbuka kwa siku uliyotutelezesha. Naomba nafasi kidogo, maana swali lenyewe limekwenda kombo.

Mchukue talapoini, kima mdogo kuliko wote barani Afrika. Ana kilo moja na ushei tu. Manyoya yake ya mgongoni ni ya manjano iliyochanganyika na kijani, hata akitulia tawini unaweza kudhani ni tawi lililoota mosi. Hulala kwenye miti ya kando ya mto, na akishtuliwa hujitosa majini akaogelea. Huko kwao, kuanzia kusini mwa Kamerun hadi Angola, wenyeji wanamjua pia kwa kudokoa mihogo iliyolowekwa mtoni. Mwizi wa namna hiyo hasahauliki.

Sasa itazame mosi iitwayo Thamnobryum angustifolium. Duniani kote inajulikana kuota mahali pamoja tu, huko Derbyshire, Uingereza, kwenye mwamba wa chokaa unaolowa maji ya chemchemi. Mosi haina mizizi ya kufyonza maji. Hunywa kwa majani yake. Hata mbegu zake za kiume hazina budi kuogelea katika utando wa maji ndipo zilifikie yai. Chemchemi ikikauka, hiyo haina pa kukimbilia.

Kwa uadimu, basi, kima hafui dafu. Lakini pitisha bakuli la mchango uone litajaa kwa nani. Nakiri, hata mkono wangu ungeelekea kwenye picha yenye macho.

Ila hawa wawili hawagombei kitu kimoja. Talapoini anahitaji misitu ya kandokando ya mito katika nchi kadhaa, pamoja na maelewano na wenye mihogo yao. Mosi ile inahitaji chemchemi moja isichafuliwe, maji yake yasichepushwe, na wageni wasiubandue mmea wakaondoka nao kama kumbukumbu. Anayeijali kweli aache kuilinganisha na kima, apande kule juu chemchemi inakotoka, atazame kinachomwagwa ardhini.

Msomaji wako