Shangazi, madirisha tufungue au tufunge?

Shangazi, shikamoo.

Mume wangu alipata kazi ya mkataba katika nchi ya joto na mvua nyingi, tukahamia sote. Mkataba ulikuwa mfupi, kwa hiyo mengi ya nyumbani tuliyafumbia macho tukijua tunaondoka. Sasa umeongezwa, na ninakuandikia kuhusu ugomvi wa madirisha. Usicheke, tafadhali.

Sisi ni watu wa nyanda za baridi. Joto lenyewe tumelizoea kuliko nilivyotarajia. Kilichotushinda ni unyevunyevu. Tunakaa chini kabisa ya jengo la ghorofa, na kabati la nguo limeegemea ukuta wa nje. Nguo hushinda kwenye kamba, nikizianua bado zina ubichi, na zikilala kabatini zinaamka na uvundo. Juzi nilivuta begi chini ya kitanda nikakuta mkanda wa ngozi wa mume wangu umeota manyoya ya kijivu, upande mmoja tu, ule uliolalia sakafu. Mkanda hununuliwa. Lakini chini yake kulikuwa na bahasha ya vyeti vyetu vya shule, ina madoa ya kahawia pembeni, na karatasi mbili zimegandana. Hapo niliishiwa nguvu.

Baba watoto anaamini dawa ni hewa. Usiku anawasha kiyoyozi mpaka nyuzi 18, tunalala tumejifunika kama tuko kwetu. Alfajiri anakizima na kufungua madirisha yote "nyumba ipumue". Haupiti muda ukuta unatoka jasho, kioo kinalowa, na nyuma ya kabati maji yanachuruzika hadi sakafuni. Ukipitisha kidole pale kinatoka cheusi.

Fundi aliyekuja kusafisha vichujio vya kiyoyozi alinieleza jambo ambalo sijawahi kufundishwa popote. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikiwa nje kuna nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hewa hiyo huanza kuacha maji ikigusa chochote kilichopoa chini ya nyuzi 26 hivi. Ukuta wetu umelala kwenye baridi usiku kucha, kisha tunauletea mvuke kupitia dirishani! Ushauri wake: kiyoyozi kiwe nyuzi 25 au 26, tutumie ile hali ya kukausha hewa yenye alama ya tone la maji, na asubuhi tusifungue mpaka chumba kipate joto. Tujitahidi unyevu wa ndani usizidi asilimia 60. Mume wangu akajibu kwamba fundi anataka bili ya umeme ipande, kana kwamba fundi ndiye anayeuza umeme.

Nisimwonee, naye ana hoja. Nimenunua kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani, na mchana wa jua na upepo nje kunakuwa na unafuu kuliko ndani, hasa tukishapika na kuoga. Siku hizo kufunga ni kujifungia mvuke wetu wenyewe. Lakini usiku na asubuhi kipimo cha nje hupita 90. Kwa hiyo mimi nasema tufuate kipimo, yeye anasema hawezi kuishi kwa kuongozwa na saa ya mezani. (Kuhusu mbu tumeelewana. Ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi ilikutwa na viluwiluwi, sasa inamwagwa kila siku.)

Ningeweza kuliacha likapita, ila kijana wetu mdogo ana pumu, na kikohozi chake cha usiku kimezidi tangu mvua zianze. Daktari alisema ukungu wa ukutani unaweza kuichochea.

Mwenye nyumba naye ana suluhisho lake: kupaka rangi. Mimi nimeshausugua ukuta ule kwa maji ya klorini, ukang'aa, kisha weusi ukarudi palepale. Rangi juu ya ukuta mbichi si itabanduka tu? Anasema tukikataa rangi, siku ya kuhama ukuta huo utakuwa juu yetu.

Shangazi, na ninyi wasomaji mliowahi kuishi kwenye unyevu wa namna hii, naomba mnisaidie. Ratiba gani ya madirisha inawezekana kwa familia yenye watu wa kutoka na kuingia? Mashine ya kunyonya unyevu inafaa, au kiyoyozi kikitumiwa vizuri kinatosha? Vyeti nimevihamishia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, lakini sijui vinadumu muda gani. Na kwa mwenye nyumba niseme nini: nikubali rangi, au nidai kwanza atafute maji yanakotoka? Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na mume wangu ameshaanza kuchagua rangi.

Mama wa Ghorofa ya Chini