Yah: Malalamiko na madai ya fidia kwa tangi la samaki lililofurika sebuleni

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangi mliloniuzia na kunifungia nyumbani kwangu, mtaa wa Kisasa, lilimwaga maji sebuleni usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita, umeme ulipokatika na kurudi mara tatu. Nilipopiga simu, ofisi yenu ilinijibu kwamba hilo ni suala la umeme, haliwahusu. Silikubali jibu hilo. Umeme kukatika ni jambo ambalo kila anayefunga tangi la samaki hapa Dodoma analijua kabla hajashika bisibisi, na tangi lililofungwa sawasawa likikatikiwa umeme halimwagi hata kikombe.

Nimepima kila kitu kwa futikamba. Matangi ni mawili: la juu ni la samaki, na maji yake hushukia la chini, ambako pampu huyapandisha tena juu kwa bomba. Tangi la juu lina urefu wa sm 120 na upana wa sm 45, kwa hiyo kila sentimita ya kina chake ni lita 5.4. La chini, lililomo kabatini, ni sm 60 kwa 35 na kina chake sm 35. Kila sentimita yake ni lita 2.1. Pampu ikiwa inazunguka, maji ya chini husimama sm 27. Nafasi inayobaki hadi ukingoni ni sm 8, yaani lita 16.8 tu.

Sasa angalieni bomba linalopandisha maji juu. Fundi wenu ameuzamisha mdomo wake sm 8 chini ya uso wa maji, na hakutoboa tundu la kuingiza hewa. Pampu ikizimika, bomba hilo linakuwa kama mpira wa kunyonyea mafuta: maji yanarudi chini kupitia pampu ileile, na hayaachi mpaka mdomo ukute hewa. Sm 8 mara 5.4 ni lita 43.2. Ukitoa zile 16.8 zinazoenea, lita 26.4 zinaishia sakafuni.

Kilichonikasirisha zaidi ni koki. Tangi la chini mmeliunga moja kwa moja na maji ya bomba kwa koki ya boya, kama ile ya kwenye simtanki. Umeme uliporudi, pampu ilipandisha maji, kina cha chini kikashuka, boya likashuka nacho, koki ikafunguka na kujaza tena mpaka sm 27. Tangi likawa tayari kumwaga upya. Bila koki hiyo maji yangemwagika mara moja tu. Kwa koki hiyo yamemwagika mara tatu, jumla lita 79, karibu ndoo nne kubwa.

Hasara ya ukuta, fremu ya mlango na zulia nimeiorodhesha pamoja na makadirio ya mafundi: shilingi 385,000. Kabati ndilo linalonitisha. Ubao wake wa chini ni wa vumbi la mbao lililogandamizwa, wa mm 18; upande wa kushoto umeumuka kama andazi hadi mm 23, na rangi ya ukingoni imepasuka. Pima maji inaonyesha tangi limeinama mm 4 kutoka mwisho hadi mwisho. Maji peke yake yanazidi kilo 250, na kioo kilichokaa upogo huelemeza mzigo zaidi kwenye maungio ya silikoni ya upande mmoja. Nimeshusha maji hadi nusu, lakini hilo ni la siku chache tu. Na ile ekstensheni mliyoilaza ndani ya kabati niliikuta imelowa huku bado ina umeme. Hapo mtu angeweza kufa.

Fundi wenu amependekeza kuweka valvu ya kuzuia maji kurudi, basi. Sitaki iwe ndiyo tiba. Maji yetu yanayotoka visima vya Makutupora ni magumu. Chokaa na ukoga vikishika ulimi wa valvu, haufungi tena, na hutajua mpaka siku ya mafuriko.

Ninachodai, ndani ya siku 14, ni fidia ya fedha hizo na stendi mpya ya chuma. Mdomo wa bomba upandishwe hadi sm 2 chini ya uso wa maji, na utobolewe tundu la mm 6 juu kidogo ya mdomo, mahali ninapoweza kulisafisha kwa kijiti. Koki iondolewe kwenye maji ya bomba. Boya lilishwe na chombo cha lita 10, maji yakiwa yameshatolewa klorini, na lishushwe hadi sm 25. Hata koki ikikwama wazi, lita 10 zinaenea. Ekstensheni ipigwe ukutani juu ya usawa wa maji, na nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondokee hapo.

Kisha fundi achomoe pampu mbele yangu tangi likiwa limejaa, asubiri maji yatulie, na achore mstari kwa makapeni kwenye tangi la chini pale yalipofikia. Ukiwa angalau sm 3 chini ya ukingo, nitasaini. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, na ilipaswa kufanyika siku ya kwanza.

Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani kama mlaji.

Nimeambatisha risiti, picha na makadirio ya mafundi.

Mteja wenu,
Kisasa, Dodoma.