Mnara wa Baharini Unapoyumba Tofauti na Zamani

Wateja wenye minara na majukwaa baharini hutuuliza kama vihisi vya mitetemo, yaani vifaa vinavyopima mtikisiko wa mnara, vinaweza kuchukua nafasi ya wazamiaji wanaoukagua chini ya maji. Haviwezi, ila vinaweza kuwaonyesha wazamiaji pa kuanzia, na kwa kuwa kumshusha mtu chini ya maji ni ghali na ni hatari, faida hiyo si ndogo.

Kila mnara una masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara ambazo huyumba kwa sekunde unaposukumwa na upepo au mawimbi, nayo hutegemea ukakamavu wake, yaani jinsi unavyokataa kupinda, na uzito wake. Mhimili wa mshazari ukikatika, ukakamavu hupungua na mnara huyumba polepole zaidi. Ugumu wa kazi uko hapa: ukakamavu ukipungua kwa asilimia 10, masafa hushuka kwa takriban asilimia 5, lakini uzito unaoyumba ukiongezeka kwa asilimia 10, kwa sababu ya mitambo mipya, matangi yaliyojazwa au kome walioganda kwenye nguzo, masafa hushuka karibu kiasi kilekile. Anayekuuzia kifaa kwa ahadi kwamba namba moja itakwambia yote hakutendei haki. Sisi hulinganisha namna kadhaa za kuyumba, hasa mnara unapojisokota, kwa kuwa mhimili wa upande mmoja ukipotea, mara nyingi ndipo badiliko linapojitokeza. Ufa mchanga kwenye kiungo kilicholehemewa hatuahidi kuuona.

Texas Tower 4, mnara wa rada wa Jeshi la Anga la Marekani, ulisimama nje ya pwani ya New Jersey. Mihimili yake iliharibika tangu ulipokuwa ukisimikwa mwaka 1957, kimbunga Donna cha Septemba 1960 kikaudhoofisha zaidi, na waliokuwa wakiishi juu yake walijua vyema jinsi unavyotikisika. Tarehe 15 Januari 1961 ulianguka katika dhoruba, na watu wote 28 waliokuwamo wakafa. Mnara ulioanza kazi ukiwa tayari na jeraha hauna kipimo cha uzima cha kulinganishia.

Ndiyo maana sisi huomba kupima mapema, mara tu ukaguzi wa wazamiaji unapothibitisha kuwa mihimili yote ni mizima, na humtaka mteja atunze daftari la kila mzigo unaopandishwa au kushushwa sitahani.