Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: ambu isifungiwe kabatini

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na leo nakuandikia kuhusu dakika moja tu: ile ya kwanza.

Mtoto akitoka kimya, mama huuliza, "Mbona halii?" Unamkausha, unamsugua mgongo. Asipovuta pumzi, inabidi umpe hewa kwa ambu, ule mfuko wenye maski unaobanwa kwa mkono kusukuma hewa mapafuni, kabla dakika hiyo haijaisha. Kule Hospitali ya Haydom, Mbulu, watafiti waliohesabu sekunde wodini waliona kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa huongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu.

Usiku mmoja, katika kituo nisichokitaja, ambu yetu ilikuwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao mwenzetu aliyekwisha kwenda nyumbani. Tulivunja kufuli. Tulikuwa tumechelewa. Kitabuni mtoto yule aliandikwa "amezaliwa mfu". Mheshimiwa, mapigo ya moyo wake niliyahisi kwa vidole vyangu kwenye kitovu. Hakuzaliwa mfu.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Wakunga wa hospitali nane nchini walipofundishwa kuwasaidia watoto kupumua, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hata walioandikwa wafu walipungua kwa asilimia 24, na mimi najua kwa nini.

Ila semina pekee haitoshi. Haydom walifanya mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Wakunga wakawa hodari mbele ya mwanasesere wa mazoezi, lakini wodini hali ikabaki ileile. Vifo vilipungua walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini. Naamini hilo, kwa sababu nami nilitoka semina na cheti na posho, na miezi michache baadaye maski niliyoishika ilikuwa ikivujisha hewa shavuni mwa mtoto.

Naomba basi fedha za semina za hotelini zinunue wanasesere wa mazoezi, wabaki katika kila chumba cha kuzalishia, hadi zahanati. Zamu ikiingia, wakunga wafanye mazoezi dakika kumi. Ambu zikae mezani, safi, bila kufuli.

Na utakapokuja kukagua kituo, kabla hujasaini kitabu cha wageni, omba uletewe ambu. Hesabu sekunde hadi ikufikie mkononi.

Mkunga mstaafu